Maswali ya Wasomaji: Injini Mbili, Maji na Ukungu wa Songwe

Barua za mwezi huu zimejaa ndege na maji. Kwa msomaji mgeni, mimi ni fundi wa ndege mstaafu. Nimezeekea kwenye karakana za ndege Dar es Salaam, na sasa naishi Uyole, hapa Mbeya. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeandika hapati usingizi.

*Shikamoo mzee wetu. Mdogo wangu wa kike amepata kazi hotelini Maldives. Ameniambia kwamba akishashuka kwenye ndege kubwa atapanda ndege inayotua majini ili afike kisiwani kwao. Tangu nisikie hivyo sina amani. Picha ya ile ndege ya Bukoba, mkia nje na pua ndani ya ziwa, hainitoki kichwani. Mume wangu anasema nisihangaike, eti ndege hizo zina injini mbili, na ndege ya injini mbili haianguki kwa sababu moja ikizima nyingine inabeba. Ni kweli? Halafu mimi mwenyewe natakiwa kumpeleka mama Dar kwa matibabu. Tupande ndege Songwe au nikate tiketi za basi? — Dada mkubwa, Tukuyu*

Marahaba mwanangu, na mama apate nafuu.

Nianze na Bukoba. Ile haikuwa ndege ya majini. Ilikuwa ATR 42 ya Precision Air, ndege ya magurudumu, iliyoondoka Dar es Salaam tarehe 6 Novemba 2022. Ilikuwa na watu 43. Ilikuwa ikishuka kwenda kutua Bukoba, hali ya hewa mbaya, ikaishia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja. Watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Na ilikuwa na injini mbili, moja kila bawa. Kwa hiyo maneno ya mumeo, pamoja na nia yake njema ya kukutuliza, hayasimami.

Lakini asidharauliwe, kuna ukweli nusu ndani yake. Ndege za abiria kama ATR, au zile Q400 za Air Tanzania, haziruhusiwi kubeba watu mpaka zithibitishe jambo moja: injini ikizima wakati mbaya kuliko wote, yaani ndege imeshakimbia kiasi kwamba haiwezi tena kusimama ndani ya uwanja, injini iliyobaki iweze kuinyanyua na kuendelea kuipandisha. Kila safari, kabla ya kuondoka, marubani wanapiga hesabu hiyo kwa uzito wa siku ile, joto la siku ile na urefu wa uwanja ule. Hesabu ikikataa, mizigo inashushwa, au abiria wanapunguzwa. Kwetu huku nyanda za juu hesabu hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar. Injini inapata hewa kidogo, mabawa nayo yanashika kidogo.

Ndege ndogo za injini mbili, zile za watu wanne au sita, ni habari nyingine. Watu wengi hudhani injini moja ikizima unabaki na nusu ya uwezo. Unabaki na nusu ya nguvu, sawa, lakini uwezo wa kupanda unapungua kwa asilimia 80 hivi, maana nguvu nyingi iliyobaki inatumika kuishikilia ndege isianguke tu. Tena injini iliyo hai inavuta upande mmoja, na rubani asipowahi kukanyaga usukani wa mkia barabara, ndege inageuka na kupinduka. Sioni aibu kusema kwamba ningependa kupanda ndege ya injini moja iliyotunzwa vizuri kuliko ndege ndogo ya injini mbili yenye rubani asiyefanya mazoezi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ningependa ulishike. Injini ni mbili, lakini mafuta ni yale yale, mabawa ni yale yale, marubani ni wale wale na mafundi ni wale wale. Ajali nyingi zinaanzia huko.

Tarehe 6 Agosti 2005, ndege aina ya ATR 72 ya shirika la Tuninter iliondoka Bari, Italia, kwenda Djerba, Tunisia. Ilikuwa na watu 39. Usiku wa kuamkia safari mafundi walikuwa wamebadilisha geji ya mafuta. Waliyoifunga ilikuwa ya ATR 42, ndugu yake mdogo. Inaingia kwenye tundu lile lile bila kulazimishwa, inawaka vizuri, lakini inasoma tangi la ndege nyingine. Marubani walikuwa wanaona mafuta ambayo hayapo. Juu ya bahari injini moja ikazima, kisha ya pili ikaifuata. Ikatua majini karibu na Sicily, watu 16 wakafa. Mwanangu, kwa mafuta yaliyoisha hata injini nne zisingesaidia kitu.

Tarehe 4 Februari 2015, Taipei, ATR 72 ya TransAsia ikapata hitilafu injini ya kulia muda mfupi baada ya kuruka. Ya kushoto ilikuwa nzima kabisa. Katika kihoro kile rubani akaizima ile nzima. Ndege ikagonga daraja kwa bawa na kuingia mtoni. Kati ya watu 58 walikufa 43. Hapo injini ya pili ilikuwepo, tayari kufanya kazi yake, lakini ikazimwa kwa mkono wa binadamu.

Ya tatu ni ndege ya majini hasa, nayo ya injini mbili: Grumman Mallard iliyotengenezwa mwaka 1947, ikiruka kutoka Miami, Marekani, kwenda kisiwa cha Bimini tarehe 19 Desemba 2005. Bawa la kulia lilikatika hewani. Wote 20 walikufa. Wachunguzi walikuta nyufa za uchovu wa chuma kwenye bawa, na walikuta pia kwamba mahali hapo palikuwa pakivuja mafuta, palizibwa, pakavuja tena, pakazibwa tena. Mafuta yanapovuja kwenye bawa lenye tangi ndani yake, bawa lenyewe linasema kwamba limepasuka. Kupaka gundi ya kuziba bila kutafuta ufa ulipo ni kumziba mgonjwa mdomo asikohoe. Habari hii niliisoma nikiwa bado kazini, na tangu siku hiyo sikumruhusu kijana yeyote chini yangu aandike “imezibwa” kwenye daftari la ndege bila kuandika kwanza “chanzo kimeonekana”.

Na ya nne, ili uone jinsi jambo linavyoweza kuwa dogo. Tarehe 4 Septemba 2022, miezi miwili kabla ya Bukoba, ndege ya majini aina ya Otter ilianguka Mutiny Bay, jimbo la Washington, Marekani. Watu wote 10 walikufa. Walipoivua baharini walikuta kwamba kifaa kinachoinua na kushusha bawa la mkia kilikuwa kimeachana vipande viwili. Nati yake ilijifungua yenyewe, uzi kwa uzi. Kikiringi cha waya kinachotakiwa kuizuia isijifungue hakikuwepo mahali pake.

Nikuelezee kikiringi hicho maana ndiyo kazi yangu. Ndege inatetemeka muda wote iwapo hewani, na kitu kinachotetemeka hulegeza kila kilichokazwa. Kwa hiyo nati muhimu haiishii kukazwa. Inawekewa kizuizi: pini, kikiringi, au waya mwembamba wa chuma unaopitishwa kwenye tundu la nati, ukasokotwa kwa koleo mpaka ukae kama kamba ya katani, kisha ukafungwa kwenye kitu kisichozunguka. Waya lazima uvute upande wa kukaza. Ukiuweka kinyume umefanya pambo tu, nati itafunguka na waya wako juu yake. Halafu anakuja fundi wa pili, ambaye hakushiriki kazi ile, anapitisha kidole, anamulika tochi, na ndipo anatia saini. Saini ile ya pili ndiyo inayonipa mimi usingizi nikiwa abiria.

Kuhusu mdogo wako. Ndege za majini za Maldives nyingi ni Twin Otter, injini mbili kweli, zimewekewa maboya mawili marefu mahali pa magurudumu. Zinaruka mchana tu, kwa sababu rubani anahitaji kuyaona maji: mawimbi, magogo, mashua. Maji yakitulia kama kioo ndiyo mabaya zaidi, kwani rubani hajui yuko juu kiasi gani mpaka anagusa. Wale marubani hufanya kazi hiyo mara nyingi kwa siku, wameizoea. Asishtuke akimkuta rubani pekupeku, ndivyo walivyo huko.

Hatari kubwa ya ndege ya majini inakuja baada ya kishindo. Maboya yako chini, mwili wa ndege uko juu, uzito wote wa injini uko juu. Ikikwama kwa nguvu inapinduka, na abiria anajikuta kichwa chini, ndani ya maji, kwenye giza, hajui mlango uko wapi. Tarehe 29 Novemba 2009 ndege aina ya Beaver ilianguka majini kisiwa cha Saturna, Kanada, ikiwa na watu wanane. Wawili walitoka. Sita walizama ndani. Bodi ya uchunguzi ya Kanada ikapendekeza ndege za aina hiyo ziwekewe milango na madirisha yanayong'oka kwa urahisi, na abiria wavae jaketi okozi muda wote wa safari.

Kwa hiyo mwandikie mdogo wako leo hii. Akiketi, kabla hajatoa simu, aguse kitasa cha mlango ulio karibu naye na ajifunze kinafunguka upande gani. Ahesabu viti kati yake na mlango, kwa mkono, maana kwenye giza macho hayasaidii. Ajizoeze kufungua mkanda bila kuutazama. Ndege ikipinduka, mkono mmoja ushike kitu kilicho upande wa mlango, ndipo mwingine ufungue mkanda. Akifungua kabla ya kushika, ataelea na kupotea. Na jaketi okozi asilijaze upepo akiwa ndani. Hili nasisitiza kwa sababu tuna makaburi yake jirani hapa. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 767, ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kutua baharini Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Wapo waliokuwa wameokoka kishindo wakiwa na jaketi zilizojaa upepo. Maji yalipoingia yakawabeba hadi darini, na mlango uko chini, wakashindwa kuzamia. Jaketi linajazwa ukishatoka nje.

Kuhusu wewe na mama: pandeni ndege Songwe. Zaidi ya kilomita 800 za basi na mlima Kitonga katikati, kwa mgonjwa, siwezi kukushauri. Omba kiti cha magurudumu mapema unapokata tiketi, na mwambie mama asikilize maelezo ya mhudumu hata kama wengine wanasinzia. Wewe mkalimanie kwa Kinyakyusa neno kwa neno.

*Mzee, kamwene. Sisi vijana wa Matema tuna pwani nzuri kuliko nyingi, lakini watalii wanatukwepa kwa sababu ya umbali. Kuna mwekezaji amesema angeweza kuleta ndege za kutua ziwani. Wazee wanasema ni ndoto. Ni ndoto? — Kijana wa Matema, Kyela*

Kamwene, kijana wangu. Si ndoto, ni jambo lililowahi kufanyika eneo hili hili. Miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilizotoka Uingereza kwenda Durban zilikuwa zikitua Dar es Salaam na Lindi. Na kwenye Ziwa Nyasa lenyewe, upande wa Malawi, ndege kubwa za majini za BOAC, shirika la ndege la Uingereza, zilitua Cape Maclear mwaka 1949 na 1950. Kabla ya hapo, ndege za magurudumu za Imperial zilizokwenda Cape Town kuanzia mwaka 1932 zilipita Mbeya mjini. Usafiri wa anga haukutukuta jana.

Ndege kubwa za majini zilipotea kwa sababu viwanja vya nchi kavu viliongezeka baada ya vita, na chumvi na mawimbi vinakula ndege kuliko lami. Kwenu chumvi haipo, hilo ni afadhali. Mawimbi yapo. Wewe unajua kuliko mimi jinsi upepo wa kusini unavyolichafua ziwa miezi ya baridi, mpaka mitumbwi inakaa nchi kavu siku kadhaa. Mwekezaji akikuletea ratiba ya Julai isiyo na siku za kulala, muulize amewahi kusimama Matema mwezi huo.

Kingine ni mlima. Ziwa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na Safu ya Livingstone inasimama ukutani kwenu ikipita mita 2,000. Ndege inayoruka kutoka majini inaanza na mzigo wa maboya, inakokota maji, inachelewa kupanda. Ikizimika injini upande wa mlima, nafasi ya kugeukia ni finyu. Kwa hiyo njia ya kurukia na kutokea iwe upande wa ziwa, na ndege iwe ya injini mbili yenye uwezo wa kupanda kwa moja ikiwa na abiria wote. Hapo injini mbili nazitaka kwa nguvu zote.

Muulizeni mwekezaji mambo haya mbele ya serikali ya kijiji. Nani atakuwa fundi, na ataishi wapi? Mashua ya uokoaji itakaa hapo hapo Matema au itasubiriwa kutoka Itungi? Wavuvi wenu watafundishwa kufungua mlango wa ndege kutoka nje? Bukoba waliokimbilia walikuwa wavuvi, na Matema itakuwa hivyo hivyo. Kama ndege zitakuwa za kutua kote, majini na nchi kavu, kuna hatari moja zaidi: rubani akisahau magurudumu yakiwa nje na kutua majini, ndege inapiga mwereka papo hapo. Lazima kuwe na kengele ya kumkumbusha, na abiria wa kwanza wawe na haki ya kuuliza kama inafanya kazi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga itadai mengi ya hayo kabla ya kutoa kibali, lakini kijiji kinachouliza kinahudumiwa vizuri zaidi.

*Mheshimiwa, mimi ni mfanyabiashara wa mchele. Juzi nimetoka Dar asubuhi, tumefika juu ya Songwe, tumezunguka, tumezunguka, kisha tumerudishwa Dar. Ukungu. Ndege nzima ya kisasa, injini mbili, kompyuta tele, inashindwa na ukungu! Nimepoteza mteja. Kaunta tuliwaka kweli kweli. Tulikosea? — Msomaji wa Mbalizi*

Pole kwa mteja, na naomba unisikilize kwa utulivu. Tarehe 10 Aprili 2010 ndege ya rais wa Poland ilijaribu kutua Smolensk, Urusi, kwenye ukungu mzito. Ilikuwa Tupolev 154, injini tatu, zote zikifanya kazi. Wakaigonga miti. Walikufa watu wote 96, rais na mkewe wakiwemo.

Rubani anaposhuka kwenye ukungu ana kimo alichopangiwa. Akikifikia bila kuiona njia ya kutulia, anatakiwa apande tena, bila mjadala. Ile mizunguko uliyoiona ilikuwa mafuta yaliyowekwa makusudi: ya kufika Songwe, ya kwenda uwanja mwingine, na ya dakika 30 za kusubiri zaidi ya hapo. Alipoona kiasi kimefika pale ambapo lazima aondoke, akaondoka. Kwangu mimi yule ndiye rubani wa kumkatia tiketi.

Na wale vijana wa kaunta mliowawakia hawana uwezo wa kuupeperusha ukungu. Ninachokiogopa ni siku rubani atakaposikia makelele hayo akiwa bado angani, akawaza mteja wako, akashuka mita chache zaidi ya alizoruhusiwa. Rubani asiwe na sababu hata moja ya kuwaogopa abiria wake.

Ukungu wa Songwe huwa wa asubuhi, jua likipanda unayeyuka. Ukiwa na mteja wa kukutana naye siku hiyo hiyo, safiri jana yake, au kata tiketi ya ndege ya mchana kama ipo. Na ndege ikigeuka, nenda kaunta ukaulize mambo mawili tu: nafasi inayofuata ni saa ngapi, na gharama ya kulala ni ya nani. Majibu hayo una haki nayo, yadai.

Barua za mwezi ujao zinifikie kabla ya tarehe 15. Aliyeuliza kuhusu ndege ndogo za kwenda Ruaha kutokea Iringa, yako nimeiweka, ina mambo mengi.